Mngoni wa Wapi?

Bibi yangu alimpokea mchumba wangu vizuri tu. Alichukua sukari na vitenge viwili, akamsogezea kile kiti chenye mto ambacho sisi wajukuu haturuhusiwi hata kukiegemea, akauliza habari za Dar es Salaam na joto lake. Halafu akakunja mikono juu ya magoti, akamtazama usoni na kuuliza swali moja.

"Mngoni wa wapi wewe, baba?"

"Wa Songea, Bibi. Kule Peramiho."

"Aaa," Bibi akasema. "Magwangwara."

Mimi neno hilo sikuwahi kulisikia. Mwenzangu alilisikia na akalielewa, nilimwona shingo inavyokakamaa. Bibi akaendelea na stori nyingine kama vile hajasema kitu, mbasa akaletwa, ugali ukaletwa, tukala huku tunaangalia ziwa. Ukiwa Liuli huwezi kukosa cha kuangalia: kuna jiwe kubwa majini linaloitwa Pomonda ambalo Wajerumani walipoliona waliona sura ya Sphinx wa Misri, wakaiita bandari nzima Sphinxhafen. Siku hiyo nililiangalia sana, maana kumwangalia mchumba wangu nilishindwa.

Vita vilianza ndani ya gari. Kutoka Liuli unafuata ufukwe hadi Mbamba Bay, halafu unapanda milima kuelekea Mbinga. Kona zote hizo tulikuwa tunagombana.

"Umenileta nitukanwe."

"Ni utani tu, jamani. Bibi ana miaka zaidi ya themanini."

"Utani unaambatana na kicheko. Umemwona akicheka?"

Sikumwona akicheka. Na msomaji, naomba uelewe kwamba hatukufika kule tukiwa na amani ya kumwaga. Tulishakuwa na kesi nyingine mezani: kanisa. Kwetu ni Waanglikana tangu enzi za mababu, Bibi ni mama wa kanisa haswa, na anataka ndoa ifungwe pale pale Liuli. Kwao ni Wakatoliki na mama yake haoni kwa nini kijana aliyebatizwa Peramiho aende kufungia ndoa kwa watu wengine. Kamati ya harusi ilishaundwa, michango ilishaanza kuingia, na kwenye kundi la WhatsApp watu walikuwa wanauliza rangi ya sare. Rangi ya sare! Sisi hata mlango wa kanisa hatujaujua.

Tulilala Mbinga, vyumba viwili tofauti. Sababu ilikuwa hasira, heshima haikuhusika.

Sasa niseme kidogo kuhusu mimi, maana bila hilo utashangaa kilichofuata. Nafanya kazi kwenye bima, kitengo cha madai. Gari limegongwa, duka limeungua, mtu amefariki: kazi yangu ni kuuliza nani, lini, nani aliona, na nani kaandika hiyo ripoti. Nyumbani nako sipumziki. Nikishindwa kulala naangalia vipindi vya mauaji ambayo hayajapatiwa muuaji. Yule wa London ndiye nimemaliza vyote, yule aliyeua wanawake watano mtaa wa Whitechapel kati ya mwisho wa Agosti na Novemba 1888. Malkia Victoria yuko kwenye kiti, polisi wapo, magazeti yapo, na hawakumkamata. Mpaka leo watu wanalipa hela kutembezwa usiku kwenye vile vichochoro. Mwenzangu huniuliza nitawezaje kulala baada ya kuangalia vitu hivyo. Nalala vizuri tu.

Kwa hiyo usiku ule wa Mbinga, na baridi yake, nilifungua simu kutafuta neno Magwangwara. Nikapata mauaji.

Magwangwara ni jina ambalo watu wa pwani ya ziwa, Wayao na wamisionari waliwaita Wangoni wa Songea. Na mwaka 1895, enzi hizo hizo za Victoria, padri Mwingereza aliyeitwa George Atlay aliuawa upande wa mashariki wa ziwa, ng'ambo ya kisiwa cha Likoma, sehemu ambayo leo ni Msumbiji. Ukitoka Mbamba Bay unaendelea kusini tu. Hakuwa mtu wa hivi hivi. Baba yake, James Atlay, alikuwa Askofu wa Hereford, na alifariki Desemba 1894, miezi michache tu kabla ya mtoto. Atlay alikuwa mtu wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyoweka makao Likoma mwaka 1885. Yaani ndiyo misheni iliyotubatiza sisi. Alikuwa amevuka kwenda bara kupumzika. Wakamkuta huko.

Misheni iliandika kwamba waliomuua ni Magwangwara. Ikaandika na jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonikalisha kitandani: bunduki yake ilikutwa imejaa risasi. Hakufyatua hata moja.

Misheni ilikuwa na jibu. Walisema alikataa kumwaga damu, kwamba alichagua kufa kuliko kuua. Na kwa mtu ambaye angezikwa kama shahidi, jibu hilo linapendeza. Lakini mimi wa madai nilikuwa na maswali. Nani aliona? Kama aliviziwa, hakupata nafasi ya kuinua mkono. Kama alikuwa na homa, je, maana homa za ziwa ziliwamaliza wengi wao? Na jingine, linaloniwasha zaidi: wavamizi wa karne ile, wakati bunduki ni mali kuliko ng'ombe, wanaua mtu halafu wanaiacha bunduki yake pale? Huenda walikurupushwa. Huenda hawakuwa wavamizi waliotumwa na mtu, bali vijana wachache waliokutana na jambo kubwa kuliko walivyotegemea, wakaogopa na kukimbia. Ripoti iliyobaki imeandikwa na upande mmoja. Kazini tunasema ukikosa shahidi, mwenye kalamu ndiye anayeshinda.

Mwaka ule ulikuwa mbaya Likoma. Tarehe 2 Septemba 1895 Chauncy Maples, aliyekuwa ametoka tu kuwekwa wakfu London kuwa askofu wao, alizama ziwani akirudi, mashua ilipopinduka kwenye dhoruba karibu na Kota Kota. Maples huyo huyo ndiye aliyekuwa Masasi mwaka 1882 Magwangwara walipoivamia misheni na kuondoka na watu. Alikuwa anawajua. Kama kuna mtu ambaye angeuliza maswali kuhusu Atlay, ni yeye, na ziwa likamchukua.

Asubuhi nilikwenda kugonga mlango wa pili na simu mkononi. Ndiyo, najua. Mtu ametukanwa jana, kalala vibaya, na wewe unamwendea na kesi ya mauaji inayowahusu babu zake. Rafiki yangu mmoja aliniambia baadaye kwamba hiyo peke yake ingetosha kuvunja uchumba.

Alisoma yote. Ni mtu wa kusoma taratibu. Akauliza, "Walikamatwa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipofurahi, maana hilo nilikuwa nimeshalifanyia kazi. Angalia ramani ya mwaka 1895. Aliyekufa ni Mwingereza. Ardhi aliyofia inadaiwa na Mreno, ambaye ufukweni pale hana hata karani. Watuhumiwa wanatoka Ungoni, ambako mkataba wa Ulaya ulisema ni kwa Mjerumani, lakini Mjerumani mwenyewe hakuweka boma Songea mpaka mwaka 1897. Bendera tatu, na hakuna hata moja yenye askari mahali husika. Ni kama makampuni matatu ya bima yanayorushiana faili. Faili la Atlay halikupata meza. Lilichobaki nalo ni jina la kabila, jina la mtu halimo.

"Na kama wangekamatwa?"

Nikamweleza ya Roscher, maana hiyo nayo nilikuwa nimeikuta. Albrecht Roscher alikuwa Mjerumani, kijana wa miaka 23. Alitoka Kilwa na msafara wa Waarabu akafika ziwani mwaka 1859, wiki chache tu baada ya Livingstone, na Machi 1860 akauawa huko huko mashariki ya ziwa. Yeye alikuwa na serikali iliyojali: Zanzibar ya Sultani Majid, ambayo biashara yake ilipita njia ile ile, na mabalozi wa Ulaya wakiwa mlangoni. Watuhumiwa walipelekwa hadi Zanzibar na Agosti 1860 watu wawili wakakatwa vichwa hadharani. Wale wapelelezi Speke na Grant walikuwa ndiyo kwanza wamewasili kisiwani.

"Walikuwa wenyewe?" akauliza.

"Walipelekwa na machifu."

"Sijauliza hivyo. Ukiwa chifu, msafara unataka watu wawili ndiyo biashara iendelee, utampeleka nani? Mwanao?"

Nikanyamaza. Kesi moja ilifungwa kwa vichwa viwili, nyingine haikufunguliwa kabisa, na katika zote mbili bado siwezi kusema nani alishika silaha.

Tulikunywa kahawa, maana ukiwa Mbinga ukanywa chai unawadharau wenyeji. Akawa kimya muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanichoma.

"Umekesha usiku kucha unamtafutia haki mzungu mmoja. Una jina lake, la baba yake, la askofu wake. Bibi yako alipoyataja Magwangwara alikuwa anamfikiria huyo?"

Hakuwa anamfikiria. Hata kidogo.

Pomonda lina mapango. Wakati wetu wa likizo tulikuwa tunaambiwa wazee walijificha mle Wangoni waliposhuka. Tuliambiwa kama hadithi ya sungura na fisi, tunasikiliza huku tunatafuna usipa wa kukaanga. Sikuwahi kuuliza: walijificha wangapi? Nani alichelewa kufika? Mtoto akilia ndani ya pango walifanyaje? Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, nilimjua Mary Jane Kelly wa Whitechapel hadi tarehe aliyokufa, na sikumjua hata mtu mmoja aliyekimbilia jiwe ninaloogelea chini yake.

Na si sisi wa ufukweni peke yetu. Njia nzima kati ya ziwa na Mbinga, ile milima tuliyopanda tukigombana, imejaa ngoro: yale mashimo ya Wamatengo, maelfu kwa maelfu, yamepangwa kwenye mteremko kama sega la nyuki. Majani yanafyekwa na kulazwa miraba miraba, udongo unafukiwa juu yake, shimo linabaki katikati kushika maji ili mvua isibebe shamba. Maharage msimu mmoja, mahindi msimu mwingine. Wataalamu wa kilimo wanatoka mbali kuja kuyaangalia. Ila simulizi ya wenyewe ni kwamba walibanana milimani vile kwa sababu walikuwa wanawakimbia Wangoni, na ukibanana kwenye mteremko inabidi uwe na akili. Tulipita katikati ya ule ushahidi tukidhani tunabishana kuhusu kiti chenye mto.

Nilimwomba msamaha. Akakubali nusu, kama wanavyokubali.

Tulipofika Songea alinipeleka kwa shangazi yake mkubwa, ambaye ndiye mwenye ukoo kichwani. Shangazi alikuwa anachambua maharage. Mwenzangu akamuuliza waziwazi, bila kona: wazee wetu walikwenda ziwani kuvamia?

"Walikwenda," akasema, mikono haikusimama. "Wote walikuwa wanakwenda. Mama yake babu yako si alitoka huko?"

"Huko wapi?"

"Ziwani. Aliletwa mdogo. Hata kwao alikuwa hapajui."

Akatupa punje mbovu pembeni, akaendelea.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hilo si la ajabu hata kidogo. Wale waliovuka Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini walikuwa wachache. Njiani na hapa Songea walikua kwa kuchukua watu. Mateka alifundishwa vita, akaoa, akazaa, watoto wakawa Wangoni. Wenyewe walikuwa na neno la kuwatenganisha, wasutu, tofauti na Wangoni wa asili. Kwa hiyo jeshi lililoshuka ziwani mwaka 1895 huenda nusu yake, au zaidi, walikuwa watoto wa watu waliochukuliwa ziwani, Ufipa, Unyanja na kwingineko. Ukisema "Mngoni alimuua Atlay", unakuwa bado hujasema mtu. Haiwasafishi waliochoma vijiji. Ila mimi nilikuwa na picha ya mwindaji na mwindwa, na sasa vyote viwili vilikuwa vimekaa mbele yangu kwenye uso mmoja, uso ambao nimeupiga picha mara elfu, na wenyewe ulikuwa umeinama unaangalia sinia la maharage.

Usiku ule alilia. Sijui kama ningetakiwa kuliandika hili, nimemwomba ruhusa akasema andika.

Hakulia kwa ajili ya vita. Alilia kwa sababu mama huyo hana jina. Shangazi alikuwa na majina ya wanaume vizazi sita, hadi majina ya sifa, na yule mwanamke aliyemzaa babu yake ni "yule wa ziwani" tu. Nikafikiria hesabu. Babu yake alizaliwa miaka ya 1920. Mama yake babu basi angekuwa mtoto mdogo miaka ile ile ya 1890, kabla boma la Mjerumani halijakomesha misafara ya kuvamia. Sisemi ni mwaka ule wa Atlay. Nasema tu kwamba mwaka wowote aliochukuliwa, hakuna aliyeandika barua London.

Likizo ilikuwa bado na siku tatu. Badala ya kuanza kurudi Dar, tukageuza gari. Yeye ndiye aliyegeuza.

Bibi alishangaa kutuona. Mwenzangu hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, mkekani, akamwambia. Alisema bila kupamba: Bibi, ulisema kweli, sisi ni Magwangwara, na wazee wetu walifika hapa. Na mama yake babu yangu alichukuliwa huku akiwa mtoto. Sijui ni kijiji gani. Nilikuwa naomba kama kuna mtu anayejua.

Bibi akauliza, "Jina lake?"

"Halipo, Bibi."

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikasikia mashua inavutwa mchangani kule chini. Kisha akasema dada yake bibi yake alipotea. Walikuwa shambani na mama yao, mmoja akakimbilia jiweni, mwingine mfupi, miguu haikufika. Alisema hivyo hivyo, "miguu haikufika". Miaka yote hii nimekula kwa Bibi, nimelala kwa Bibi, nimenyolewa na Bibi, hajawahi kuniambia. Ilibidi aulizwe na Mngoni.

"Inawezekana ni yeye?" mwenzangu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Inawezekana ni yeyote," Bibi akajibu. "Walichukuliwa wengi." Halafu akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akacheka, cheko la meno machache. "Na kama ni yeye, basi ninyi ni ndugu. Harusi hakuna! Rudisheni michango ya watu."

Mimi nilishtuka kweli. Mwenzangu akacheka hadi akalala mkekani.

Kabla ya kuondoka alimwomba amwonyeshe Pomonda. Bibi akasema magoti yake hayapandi mtumbwi tena, akamwita kijana wa jirani atupeleke. Mapangoni ni giza na kunanuka popo. Mwenzangu aliingia, akainama, akapima kwa mikono upana wa mahali watu wangeweza kukaa, akatoka bila kusema kitu. Tulirudi ufukweni tukapita kaburi la William Percival Johnson, yule padri wa UMCA aliyezunguka ziwa hili zaidi ya miaka arobaini na kufia hapa Liuli mwaka 1928. Kaburi lake lina jina. Sina kinyongo naye, alifanya kazi. Nimeliona tu.

Suala la kanisa halijaisha, msitudanganye. Mama mkwe bado anasema Peramiho na paroko wake ana masharti yake. Bibi naye bado anasema Liuli. Kamati imechagua rangi ya sare bila kutuuliza, ni zambarau.

Ila jioni ile ya mwisho mbasa aliletwa tena, mmoja mkubwa. Tangu nikiwa mtoto kichwa cha samaki kwa Bibi ni changu, watoto wote wa shangazi zangu wanajua na wanachukia. Bibi alikitoa kwenye sahani yangu, mbele ya macho yangu, akakiweka kwenye ugali wa yule Mngoni.

"Kula, mume wangu," akamwambia. "Huyu alishakula vya kutosha."